Nilipuliza dawa, lawama akabeba Kasiani

Mpendwa mshauri wetu, naomba unisaidie, maana siku hizi hata kanisani nakaa benchi la nyuma. Nimeolewa huku milimani Ileje, na mama mkwe wangu, Tulinagwe, analima mahindi, maharage na maboga pamoja bila dawa yoyote, pembeni ameacha ukanda mpana wa nyasi na maua, na baada ya mavuno jirani yetu Kasiani hulisha ng'ombe wake humo siku chache, nami nilikuwa naona aibu wenzangu wakisema shamba letu ni pori, basi mama alipokwenda msibani Zambia nikapuliza dawa ya magugu ukanda wote, na shambani nikapuliza ya viwavi maboga yakiwa yamechanua. Wiki haikuisha, nyuki wa mzee Nathanaeli, anayefuga karibu na shamba letu, wakawa wametapakaa chini ya mizinga, wamekufa, na maboga yakadondosha maua bila kuzaa. Watu wakasema Kasiani amemwaga pale ukandani dawa ya kuogeshea ng'ombe, wakamwita kikaoni, wakamkataza kulisha kwenye mashamba yote ya kitongoji. Akasema, "Sikumwaga kitu, jamani," na mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nikatazama miguu yangu. Mama aliporudi alizunguka shamba, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hata mboga za pori zimekwisha. Kasiani nimemkosea nini?" Nikamjibu, "Sijui, mama." Nifanyeje?

Mkwe mwenye aibu, Ileje

Pole, bibie, lakini sina maneno matamu. Kupuliza ulikosea kwa kutojua. Kikaoni ulijua, ukanyamaza, na sasa mtu anahangaika na mifugo yake kwa sababu yako.

Leo hii, kabla hujainjika chungu, mwambie mama mkwe na mumeo. Kisha mwombe mwenyekiti wa kitongoji aitishe kikao, useme mbele ya watu wale wale. Kumnong'oneza Kasiani pembeni hakutoshi, alidhalilishwa hadharani. Mzee Nathanaeli umfuate kwake, umwombe radhi, na umtafutie kundi jingine la nyuki.

Shamba lile halikuwa pori. Maua yalilisha nyuki, nyuki wakachavusha maboga yenu. Nyasi zilihifadhi ndege waliokula viwavi, na ng'ombe wachache, kwa siku chache, walizuia vichaka visizibe maua. Usiulime ukanda ule wala usiupulizie tena. Maua yakishaangusha mbegu, mwombe Kasiani arudishe ng'ombe, kama atakubali. Viumbe watarudi polepole, pengine si wote.

Na kikaoni usilie ili wakubembeleze. Sema, kaa chini, usikilize watakachokujibu.