Cent pour cent ya bure

Colombe, soma hii mbele ya kujaribu ile programu ya kuhamisha picha mutoto wangu Carine alitutengenezea. Mimi nimeshafanya ujinga.

Siku ile tunakimbia Bukavu, watu wakasema kwa barrière, pale waaskari wanafunga njia, wanachungulia simu. Nikasema basi, nihamishe picha za marehemu bwana yangu Emile kwa clé, ile flash ya USB, halafu nizifute kwa simu.

Nikafungua dossier mupya kwa simu, ile folda ya kuwekea picha, nikaandika juu yake "Emile". Colombe, nilifikiri kuandika jina inatosha! Kama mutu anaandika "unga" juu ya mufuko, anakaa kungoja ujae.

Nikabonyeza programu ihamishe. Palepale: 100%! Nikapiga vigelegele, na mabomu inalia huko mbali. Wifi Yolande ananiuliza: "Yesu, haraka hivi?" Namujibu: "Ni mutoto wangu alitengeneza!"

Nikafuta picha zote.

Zote, Colombe.

Leo Carine ananipigia. "Maman, mule ndani ya dossier uliweka nini?" Namuambia sijui, ilisema 100%. Akaniambia: "Maman, ilikuwa tupu. Nilisahau kuiambia programu kama hakuna kazi, iseme hakuna kazi. Yenyewe iliona hakuna kitu kimebaki, ikasema imemaliza."

Imemaliza! Na mimi nilicheza!

Usifute kitu mbele hujafungua clé na kuona kwa macho yako.

Na ile picha ya Emile kwa ndoa ya Stanislas, kinywa kimejaa bugali, ile nilikukataza kuonyesha watu. Unitumie. Sina ingine.