Mstari Ulioufuta kwa Kiganja

Baba,

Leo nimefua shati lako la kanisani. Sijui kwa nini, maana hakuna wa kulivaa. Nimelianika, nimelianua, nimelipiga pasi, nimelirudisha kabatini. Siku zangu zinakwenda hivyo tangu tukuzike.

Sikulia msibani, Baba. Akina mama wa jumuiya walinishika mikono wakasema, "Usilie, binti wa katekista. Baba yuko kwa Mungu." Nikatii. Nilichemsha chai, nikapanga viti, nikawapokea ndugu zetu wa Njombe, waliokuja wamenuna kwa sababu ulitaka kuzikwa huku Mtwara. Watu wakanisifu kwamba nina imani. Haikuwa imani. Ilikuwa ganzi tu, na nikaanza kuogopa kwamba hata kukupenda kumekwenda kaburini pamoja nawe.

Aliyelia ni Mzee Hamisi. Alikuja kutoka Mpapura na gunia la mihogo, akaketi nje na wanaume, akalia waziwazi huku akijifuta kwa kofia yake. Miaka yote mmebishana hapa barazani. "Katekista, Mungu gani huyo anachoka mpaka analala chomboni? Nabii Isa, sawa. Lakini Mungu halali!" Nawe ulikuwa unacheka, unamwongezea kahawa, unamwambia kwamba huyo aliyelala ndiye huyohuyo aliyeinyamazisha bahari. Hamkuwahi kukubaliana. Alipoaga aliniuliza, "Sasa mwanangu, mimi nitabishana na nani?" Nilimfungia maandazi ya njiani.

Kisha padri akanipa darasa lako la kipaimara. Unajua nilichokumbuka. Ile siku ulipobanwa na homa nikakushikia darasa, nikitaka kueleza Yesu ni nani, nikachora mstari katikati ya ubao. Upande huu nikaandika mtu: aliona njaa, alilala, alilia. Upande wa pili nikaandika Mungu: alituliza dhoruba, alimfufua Lazaro. Nilijiona mwalimu kwelikweli! Ukaingia umejitanda shuka, ukautazama ubao, ukaufuta ule mstari kwa kiganja.

"Umempasua, mama," uliniambia. "Hapa si bandarini. Hakuna kupokezana zamu, saa hii mtu, saa ile Mungu. Yuko mmoja. Aliyejua kwamba Lazaro atatoka kaburini, ndiye aliyelia." Ukajipangusa chaki kwenye shuka, ukarudi nyumbani kulala. Mimi nilikariri maneno yako kama ninavyokariri kila kitu, nikayaweka kando.

Jumamosi iliyopita nilisimama mbele ya watoto wako. Sikuchora kitu. Nilisoma habari ya Lazaro kwa sauti yangu hii ya siku hizi, sauti ya mtu anayesoma matangazo. Nikapita pale Yesu alipolia, nikaendelea mbele. Binti mmoja anayetoka Mtawanya akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama alijua atamfufua, alikuwa analilia nini?"

Nilikuwa na jibu lako lote kichwani, Baba. Mungu kweli, mtu kweli, mmoja. Nikafungua mdomo, likatoka lingine.

"Rafiki yake alikuwa amekufa," nilisema.

Hapo ndipo nilipolia. Nililia nimeshika chaki, mbele ya darasa zima, huku nawaambia kwamba wewe utafufuka, na kwamba sina shaka na hilo hata kidogo. Hakuna aliyeniambia nisilie. Yule binti alinisogezea kiti chake.

Bado ganzi ipo. Asubuhi naamka nayo. Lakini sasa najua chini yake kuna mtu.

Shati nitalibakiza kabatini. Kahawa yako nitampelekea Mzee Hamisi, nikae nibishane naye, ingawa najua atanishinda, na wewe ungecheka. Pumzika, Baba. Mstari ule sitauchora tena, hata moyoni mwangu. Nitakulilia na nitakungoja, mimi huyuhuyu mmoja.

Mwanao,
Tumaini