Usiwafuate Ng'ombe Kehancha

Kwako Mama, hapo Magunga,

Kabla ya lolote nauliza goti lako. Ouma ameniambia siku hizi unaenda sokoni na fimbo, na kwamba ukiulizwa unasema ni ya kufukuza mbuzi. Binti yangu Akinyi naye, kile kikohozi kimemwachilia? Mahindi yamepata mvua? Mimi mwili ni mzima. Huku Uturuki theluji imeyeyuka, mitaa imejaa matope, na bado navaa soksi mbili.

Nimeandika kwa sababu simu yako unaiweka sauti ya nje. Nikisema neno, wa kwanza kulijibu ni jirani. Haya ni ya macho yako na ya Ouma, basi msiyasome hadi mwanao arudi Jumamosi kutoka kwa kazi yake ya kuchomelea vyuma huko Oyugis. Nimempa barua mwalimu mmoja wa Homa Bay aliyemaliza masomo huku, ataileta mpaka mkononi mwako. Nimeandika Kiswahili chetu kile kile ambacho wewe Mjaluo na mimi Mkuria tumekaa nacho miaka tisa bila mkalimani.

Mama, chuo kimejibu. Hakuna pesa.

Wacha nieleze kutoka mwanzo, kwa sababu najua habari zilivyofika huko zikiwa nusu. Niliomba nafasi ya uzamifu, huo udaktari wa vitabu, katika vyuo tisa. Kila chuo kina majibu mawili. La kwanza linasema kama wanakutaka. La pili linasema kama watakulipia karo na chakula. Ukipata la kwanza bila la pili, umepata karatasi nzuri ya kuweka kwa fremu. Vyuo vinane vilinikataa moja kwa moja. Cha tisa, cha Uingereza, kiliandika mwezi wa pili kwamba wameipenda kazi yangu ya mbung'o, wale niliokuwa nikihesabu kwenye mitego ya kitambaa cha buluu kando ya mbuga ya Ruma wakati mifugo ya watu ilikuwa inakonda na kufa. Chini kabisa waliandika kwamba habari ya ufadhili itakuja baadaye.

Nilimpigia Ouma nikamwambia, "Wamenikubali, lakini pesa bado." Wewe ulikuwa nyuma yake. Kigelegele chako kilianza kabla sijafika kwa "lakini".

Nikasema, "Mama, ngoja kwanza."

Ukanijibu, "Nyathina, mwanangu, hao watu hawawezi kukuita mezani halafu wakunyime sahani."

Jumapili hiyo pasta akanitangaza mbele ya kanisa. Kufika siku ya soko ukawa mama daktari kutoka kwa wauza nyanya hadi kwa duka la yule Msomali wa vitambaa. Sikulaumu. Hapana, nakulaumu kidogo, na nimeona afadhali niandike hivyo kuliko kukuficha.

Kwa sababu habari haikukaa Magunga. Ilivuka Migori ikafika Kehancha kwa Baba.

Unajua Baba alivyonifanyia. Alisema mwanawe hataolewa na Mjaluo, na Ouma alipotuma wazee, wakarudishwa kutoka getini bila hata maji ya kunywa. Walituma tena, wakarudishwa tena. Chuo cha ualimu nilijilipia mwenyewe kwa kuuza ndizi stendi ya Migori. Nikawa mwalimu wa hesabu, nikazaa, nikapata nafasi ya kuja kusoma huku, na miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza mtoto wangu anaitwa nani. Halafu jioni moja simu ikalia, nikasikia sauti yake, bila salamu.

"Nasikia unaenda kuwa daktari."

"Nimekubaliwa, Tata. Bado nangoja habari ya—"

"Mwambie huyo Mjaluo alete ng'ombe."

Nilikuwa kwa jikoni ya wanafunzi ninapofanya kibarua cha kuosha masufuria. Nilikaa chini sakafuni na glavu mkononi, Mama, nikafurahi kama mjinga. Unajua kwa nini. Kwenu na kwetu ni kitu kimoja: mke ambaye ng'ombe wake hawajatoka ni mgeni aliyekaa sana. Ningefia huku, wangebishana maiti yangu iteremshwe wapi. Nilijua nikimaliza ile sentensi aliyonikata, ile ya pesa, mlango unaweza kufungwa tena. Sikuimaliza. Nilijiambia jibu litakuja zuri, litaimaliza lenyewe.

Mkapeleka. Wanane kwa lori kupitia Rongo, na wawili kati yao ni wale wako wa maziwa, uliowatoa bila kuniambia. Ouma alinisimulia nikacheka hadi wenzangu wa chumba wakauliza kuna nini. Kwamba Baba alimzunguka kila mmoja mara mbili, akamfungua mdomo, akasema, "Mimi natoa daktari. Sitaki ng'ombe wa kukohoa." Na wewe, na goti lako, ukamwambia mbele ya wazee wake, "Huyo daktari amekula ugali kwangu miaka tisa ukiwa umefunga geti. Angalia meno vizuri, ukimaliza unihesabie na ugali." Wazee wakacheka, Baba naye akacheka. Akakupa kiti. Nilimwambia Ouma arudie hapo pa kiti mara mbili.

Baada ya hapo nilikuwa nangoja kama mtu aliyekalia moto. Nilifungua barua pepe nikiwa na povu mkononi, nikafungua nikiwa darasani, nikafungua kanisani. Niliwaandikia kuuliza, kwa adabu, wakanijibu kwa adabu zaidi kwamba kamati inaendelea. Walinihoji kwa kompyuta. Mzee mmoja aliuliza nitafanya nini mbung'o wakiisha kabla sijamaliza masomo. Nikamwambia nitarudi nyumbani kunywa maziwa. Walicheka wote. Nikadhani kicheko kile ni cha pesa.

Jibu lilikuja Jumanne. Wanasema waombaji wazuri walikuwa wengi na fungu ni dogo. Wanasema nafasi yangu bado ipo kama nitajilipia. Nimepiga hesabu, na unajua mimi hesabu hainishindi. Hata tungeuza shamba la barabarani, mashine za Ouma na kila kilicho na miguu kwenye boma, hatungefika katikati ya mwaka wa kwanza, na masomo ni miaka minne. Najua Ouma atasema tuite harambee. Mwambie hapana. Watu wa Magunga wamenichangia tiketi ya kuja huku mara moja, siwezi kuwachangisha ili niende kukwama kwa mwaka wa pili. Na shamba lisiuzwe. Nimewaandikia kwamba siichukui nafasi. Ilikuwa mistari mitatu, iliniuma kuliko uchungu wa kumzaa Akinyi.

Kibali changu cha kukaa huku kinaisha na masomo. Narudi mwisho wa mwezi ujao. Shule ya zamani imesema huenda watanichukua tena, kama mwalimu wa muda.

Sasa lile lililonifanya niandike.

Nilimpigia Baba siku iliyofuata. Sikutaka aambiwe na mtu wa soko. Nilimweleza polepole, nikamaliza ile sentensi.

"Umefukuzwa?" akauliza.

"Sijafukuzwa, Tata. Wananitaka. Hawana pesa ya kunilipia."

"Daktari halipi. Daktari analipwa."

"Hiyo ndiyo ninakueleza."

Nyuma yake nilisikia ng'ombe, na nikawaza labda ni wale wako. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayerudisha jembe la jirani:

"Basi mama yako wa Magunga aje achukue ng'ombe wake. Mtawaleta tena ukishakuwa."

"Nikishakuwa nani?"

Akakata. Nimempigia tena na tena, hashiki.

Mama, nimelia kwa ajili ya chuo, lakini kwa hili sijaweza hata kulia. Nilikataliwa nikiwa mtoto wake. Nikapokelewa nikiwa cheo. Cheo kimeanguka, naye amekiokota hicho tu, akaniacha mimi chini.

Najua atakutumia ujumbe, tena wa maneno mazuri. Atasema hataki kukudhulumu, lori ni juu yake, na yule mweupe wako amezaa, kwa hivyo utarudi na tisa. Najua pia Akinyi anakunywa chai ya rangi tangu wale wawili waondoke. Mtu yeyote mwenye akili angeenda kuwachukua. Mimi mwenyewe, kama ingekuwa habari ya mtu mwingine, ningemwambia aende asubuhi na mapema.

Usiende. Wewe ni mtu mzima, huhitaji nikufundishe: siku mtu wa kwenu atakaposhika kamba ya ng'ombe mmoja pale Kehancha na kumtoa kwa boma, ndoa imekwisha, na hakuna mzee atakayeuliza kama Ouma na mimi bado tunapendana. Hiyo ndiyo njia ya Baba ya kunitoa kwako bila kuinua sauti. Akiwafungulia geti, wakae barabarani. Akiwauza, auze. Akiwaleta yeye mwenyewe mpaka Magunga, mpe kiti na chai, usimpe nafasi ya kuwafunga kwenye boma lako.

Nakuomba upoteze ng'ombe wanane, na ndama, ili nibaki wako. Sina kitu cha kuweka upande wa pili wa mizani. Nina mikono, na ualimu wa muda kama watanipa. Kama wewe na Ouma mtaona ni gharama kubwa, nitaelewa hesabu yake. Niambieni tu kabla sijapanda ndege, nijue nikitoka Homa Bay niteremke wapi.

Nisalimie Akinyi, umwambie kalamu zake za rangi ninazo tayari. Msalimie wifi yangu Atieno, dada mdogo wa Ouma, na asiache mashine ya kushona kwa sababu ya wateja wawili wasiolipa. Msalimie jirani yako Mama Pamela, ambaye najua atauliza barua inasema nini. Mwambie inasema nasalimia. Na pasta, akitaka kunitangaza tena, mwombe aniache kwanza nifike.

Nakushika mkono kwa heshima, nikiwa bado nauita mji wako nyumbani,

Boke, mke wa Ouma, ukikubali.