Spika Mpya za Rayyis Mutawalli

Shaaban, usinipigie, sina nguvu ya kuongea. Soma tu.

Kutwa nimeinama chini ya viti nikivuta nyaya kwenye boti ya starehe ya nahodha wetu, Rayyis Mutawalli. Spika nne kubwa, zote zinatazama mtoni. Mwenyewe kaenda kunyoa ndevu.

Nikasema nizijaribu. Kitu kipya si unakifungua kwa Qur'ani? Nikaweka kisomo, sauti mpaka mwisho.

Sauti mpaka mwisho, Shaaban. Mchana kweupe. Nani husomewa vile mtaani kwetu kama si maiti?

Haikupita robo saa, watu wa mgahawa wa ukingoni wakaanza kupanga viti. Mmoja kaniletea kahawa isiyo na sukari, ile ya matangani, akanishika mkono: "Rayyis katangulia tu. Mungu akupe subira."

Nami nikainywa. Nikadhani mzee kafia kwa kinyozi.

Mara kivuko kikamshusha dada yake kutoka kisiwani, Umm Ragab, ambaye hawajasemezana naye miaka minne. Kavaa nguo nyeusi, anajipiga kifua. "Kaka yangu, wewe ulikuwa na moyo mweupe. Mwenye kiburi nilikuwa mimi."

Nikageuka nizime. Nani kasimama nyuma yangu? Rayyis, shavu moja limenyolewa, jingine lina povu.

"Rayyis, ngoja niwaambie uko hai," nikamnong'oneza.

Kanibana mkono.

"Tulia wewe. Mwache amalize kwanza."