Ndugu Hayumo Kwenye Bima

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Natumaini barua hii itakukuta ukipumua vizuri. Nimeanza na pumzi kabla ya salamu kwa sababu unajua mwenyewe ulivyotutisha. Sisi huku tu wazima. Shangazi goti linamsumbua, lakini mdomo haujambo kabisa. Wifi yako anakusalimu, na anauliza kama yale mashuka mapya umeanza kuyalalia au bado unamtunzia mgeni.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Kwenye simu ungenikatiza, ungecheka, nami ningejifanya nilikuwa natania. Jambo hili nataka ulisome hadi mwisho ndipo unijibu.

Siku ile pumu ilipokubana bwenini, na mwenzako wa chumbani akakubeba mgongoni ngazi zote hadi chini, mimi nilikuwa juu ya paa la hoteli, nusu ya mwili imo kwenye chumba cha mashine ya lifti. Alinipigia akasema wako hospitali, dirishani wanadai kadi ya bima, na wewe huwezi kuongea. Wewe, Chiriku, kushindwa kuongea! Mungu ambariki yule daktari aliyesema upewe hewa kwanza, mambo ya kadi yatafuata.

Kesho yake nilikwenda kwa afisa utumishi wetu kuomba uingizwe kwenye bima yangu ya kazini. Akaniuliza wewe ni nani kwangu. Nikasema mdogo wangu. Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba bima inamchukua mke na watoto, na mtoto akienda chuo, hata kiwe mbali namna gani, inaendelea kumtibu mpaka amalize masomo. Ndugu hayumo. Nikamwambia nimekulea tangu mama alipomfuata baba, ukiwa bado na mapengo ya meno. Akasema, “Nakuelewa, fundi. Lakini bima haijui kulea. Inajua mtoto.” Kisha, kwa sauti ya chini, akaongeza kwamba mtoto aliyeasiliwa mahakamani huhesabiwa sawa na wa kuzaa. Na kwa kuwa wewe ulirushwa madarasa, utu uzima haujakufikia. Nafasi bado ipo.

Nilizunguka na neno hilo wiki nzima. Nilipanda nalo na kushuka nalo katika kila lifti ya mji huu. Nilipomwambia wifi yako kwamba nafikiria kukufanya mwanangu mbele ya sheria, hakushtuka hata kidogo. Alisema yeye aliolewa akijua nyumba ina mtoto.

Shangazi ndiye aliyeniweza. Aliacha kukunja nguo, akaniuliza, “Sasa umfute kaka yangu kwa sababu ya kadi?” Akalia. Swali hilo lilikuwa langu pia. Baada ya siku kadhaa alikuja mwenyewe, hata hajakaa, akasema marehemu angekasirika zaidi kusikia mtoto wake amekosa pumzi kwa sababu ya kumlindia yeye heshima. Nikamtoa wasiwasi: karani wa mahakama amenihakikishia kuwa jina la baba utaendelea kulibeba.

Basi nikapeleka maombi. Hakimu ni mama mmoja mpole mwenye macho makali. Aliniuliza: kama kampuni ingekubali ndugu, ningekuja pale? Nilifungua mdomo niseme nisingekuja, yaishe. Neno likagoma. Nikajisikia nikimwambia kwamba ningetamani kuja, ila nisingethubutu.

Chiriku, unaikumbuka siku mwalimu wenu alipotaka kila mtoto aje na mzazi? Nilikuja na ovaroli yenye grisi, ukasimama ukawaambia wenzako, “Huyu ni kaka yangu.” Ulisema kwa fahari, lakini moyo wangu ulikuwa umetega sikio kusikia neno jingine. Niliona haya, kama mtu aliyekutwa amevaa koti la baba yake bila ruhusa. Sijawahi kumwambia mtu, hata wifi yako. Wa kwanza kusikia amekuwa hakimu, na karani aliyekuwa akipiga chapa.

Hakimu hatatoa uamuzi mpaka akusikie wewe, peke yako, mimi nikiwa nje. Ametupangia juma la kwanza la likizo yako. Nisingependa ukubali kwa kuogopa pumu, kwa hiyo nimekwisha kukuandikisha kwenye bima ya wanafunzi ya chuo chenu. Ni ndogo kuliko yetu, lakini dawa yako ya kuvuta imo, na hospitali ile ile itakupokea. Pumzi yako haimo tena kwenye mizani. Nimebaki mimi tu.

Ukikataa, sitakuuliza sababu, na chumba chako ni chako. Ukikubali, tafadhali endelea kuniita kaka. Nikiitwa baba ghafla naweza kudondoka kutoka juu ya lifti.

Msalimie sana mwenzako wa chumbani. Mgongo wake ule tunauombea dua. Shangazi anasema ule vizuri, na usikae kwenye vumbi.

Nitakuwa kwenye benchi, nje ya mlango.

Wako daima,
Fundi wa lifti