Finjani ya Bwana Tullio

Hail, Maskati

Kwa baba yangu mpenzi, Mzee Thabit,

Assalaam alaykum. Shikamoo baba. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Unguja, goti limepoa na unakwenda msikitini kwa miguu yako. Sisi hatujambo. Mama yuko Al Amerat kwa dada Aliya, analea mjukuu na kumgombeza kila mtu, kama desturi yake.

Baba, nna habari, isome kwa kituo. Lile darasa langu la jioni la kuwasomesha Waitaliani Kiingereza, pale Hamriya juu ya duka la vitambaa, lilinitoa jasho. Neno lililotushinda ni dogo, 'get'. Bibi mmoja, Ornella, alitaka nimpe neno moja tu la Kitaliani lishike pahala pake. Nikimwambia ni kupata, kesho analikuta ni kufika. Kesho kutwa ni kuchoka, ni kuinuka, ni kufahamu. Akasema labda mwalimu mwenyewe halijui. Iliniuma. Na Bibi Mahbuba, mwenye skuli, keshanionya kuwa akija akakuta hawasemi, darasa atalifunga.

Bas, nikafunga kamusi, nikaja na birika la kahawa na haluwa. Kila nilichofanya nilikisema kwa neno lile. Bwana Tullio, mpishi wa hoteli, ni mtu wa adabu, kwake kukataa cha mwenyeji ni aibu. Mie nikasahau kumwambia kuwa kwetu finjani isipotikiswa humiminiwa tena. Anakunywa, nnamimina, anakunywa, nnamimina, mpaka mkono ukamtetemeka na finjani ikatikisika yenyewe. Hapo nikaacha. Wenzake walicheka mpaka wakatoka machozi.

Bibi Mahbuba alipokuja, Tullio alisimama akamsimulia kisa chote kwa Kiingereza: alivyopata kahawa, alivyochoka, alivyofika kwake asipate usingizi, hata akaifahamu ada yetu. Neno lile lile kila pahala, wala hakukosea. Ornella akawa anadakia aliyoyasahau. Bibi Mahbuba aliomba naye finjani. Darasa limebaki, na amenipa la pili. Sioni haya kusema, baba, nnajivunia.

Sasa lililonifanya niandike nisipige simu. Ile kazi ya wizarani, uliyovunja haya yako kwenda kuniombea kwa watu, nimeiacha tangu mwezi uliopita, kabla sijajua kama darasa litasimama. Sikufukuzwa. Nimeiacha mwenyewe na sijuti. Kinachonikosesha raha ni wewe tu.

Ukirudi huku Maskati nitakumiminia kahawa kwa mkono wangu. Nakuomba finjani usiitikise mpaka uniambie umenipa radhi. Kahawa nnayo ya kutosha.

Mama anakusalimu, yeye keshanisamehe, baada ya kunigombeza. Nisalimie shangazi Mastura na wote wa hapo nyumbani.

Ni mimi mwanao,
Mwalimu Ruqaya binti Thabit