Kinyozi Aliyeogopa Nyuso

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini presha yako imetulia na kwamba unameza vidonge vyako bila kungoja mimi nikugombeze. Shemeji naye mgongo unaendeleaje? Mwambie majora ya vitambaa hayabebwi na mtu mmoja, hata kama mtu huyo anajiona bado kijana. Wanao wape mabusu, yule mdogo mpe mawili. Mimi huku naendelea, na maana ya hilo "naendelea" utaipata ukisoma mpaka mwisho. Soma taratibu, na soma ukiwa umekaa.

Najua utashangaa kuona barua. Simu ninayo na salio lipo, ila wewe kwenye simu hunipi nafasi. Mimi nikiwa habari ya kwanza, wewe umeshafika ya tano na umeanza kutoa ushauri. Ipo na sababu nyingine, nayo itakuja.

Nilikudokezea zamani kidogo kwamba nimepata mgonjwa wa ajabu. Leo nikueleze vizuri. Ni kinyozi, mwanamume mpole, mwenye duka lake mwenyewe na kiti cha kuzunguka anachokipenda kama mtoto. Siku ya kwanza aliingia chumbani kwangu akanisalimia huku ameukabili ukuta. Nilidhani ni mtu wa dharau. Nikamwambia, kwa ile sauti yangu unayoichukia, kwamba daktari wa macho huwa anaomba kuona macho. Akajibu kwa adabu kwamba anaomba radhi, lakini angenitazama angepiga kelele, na nje kulikuwa na watoto.

Mkewe, aliyekuwa mjamzito, ndiye aliyenisimulia. Mumewe alijigonga kisogo kwenye lango la chuma la duka, akapoteza fahamu kidogo, akaamka, akacheka, akarudi kazini. Kesho yake akamzungusha mteja wa kwanza ili amnyoe ndevu, na uso wa yule mteja ukaanza kuvutika. Macho yalisogea kuelekea masikioni, mdomo ukatanuka, paji la uso likajikunja kama unga unaokandwa. Akamgeukia mteja mwingine, naye vilevile. Akatoka nje, na njia nzima ilikuwa imejaa watu wenye nyuso hizo, wanamsalimia.

Mikono aliiona sawa, dada. Nguo, viti, paka, vyote sawa. Picha za ukutani dukani pake, zile za vijana wenye mitindo ya nywele, zilibaki nyuso za binadamu kama kawaida. Ni watu hai tu waliogeuka. Aliniambia kibaya zaidi ni mtu akitabasamu. Aliniambia pia kwamba pale nje, nesi alipomwita, watu wote kwenye mabenchi waligeuka kumtazama kwa pamoja, na nusura akimbie. Mimi ninayepita mbele ya mabenchi yale kila siku, jioni ile niliyapita nikitazama chini.

Kazi ikawa inamponyoka. Alikuwa anageuza kiti ili mteja atazame ukuta, ndevu anazinyoa kwa kupapasa, mpaka siku alipomkata mtu kidevu. Majirani wakasema ya kwao, unajua watu hawakosi la kusema. Wengine eti amepewa macho ya kuona ya ndani. Lakini duka halikuwa linamtisha kama lile tumbo la mkewe. Mkewe alinivuta pembeni akaniuliza kama mtoto atakapozaliwa, baba yake atamwona hivyo. Nilimwambia tutajitahidi. Kinyozi mwenyewe alikuwa ameshaamua: mtoto atamjua kwa mikono, kwa miguu na kwa sauti, lakini uso hatautazama. Hakutaka kumchukia mtoto wake kwa kosa la ubongo wake mwenyewe.

Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Nikamwita bingwa wetu wa ubongo, yule mkubwa wangu ninayekwambiaga anatembea kama amemeza fimbo. Picha ya kichwa ikaonyesha kovu dogo sana kwa nyuma. Bingwa akasema ugonjwa upo, ni adimu, madaktari wengi wanastaafu bila kuuona. Dawa alizompa hazikufua dafu. Tiba tuliipata kwa bahati tu. Nilikuwa nampima kwa vioo vya rangi, nikaweka chekundu, akaruka kutoka kwenye kiti. Nikaweka cha kijani, akatulia kitini. Alinitazama muda mrefu, machozi yakamtoka, akasema kumbe mimi bado msichana. Unaona? Hata wagonjwa wananisifia, ni wewe tu.

Tukamtengenezea miwani ya kijani. Wateja wakamtania, wakamwita Rubani, naye akafurahia. Kiti kikarudi kuzunguka. Na mtoto alipozaliwa, wa kike, alikuwa wodini na miwani yake usoni, akamtazama mpaka nesi akamwambia inatosha, mtoto alale.

Bingwa akaniambia niandike ripoti ya mgonjwa huyu, niisome mimi mwenyewe kwenye mkutano mkuu wa madaktari. Mimi, dada, yule uliyekuwa ukimwita Mjuaji! Nilitembea wiki nzima kana kwamba sakafu inaninyenyekea. Ripoti niliiandika nikaimaliza kabla mgonjwa hajarudi kuangaliwa, na hapo ndipo nilipoanza kuharibu.

Walikuja wote watatu, wamevaa vizuri. Huku kwetu mafua yameenea na kazini tunashinda na barakoa, lakini mkewe alitaka picha ya kumbukumbu, mimi nimembeba mtoto. Nikaivua barakoa, nikampakata yule binti, mkewe akapiga kwa simu. Kinyozi alisimama kando yangu akitabasamu. Kisha akaniangalia vizuri, na tabasamu likamtoka taratibu. Akasema, kwa sauti ya chini kama mtu asiyetaka kumwamsha mtu, kwamba uso wangu upande mmoja umeshuka.

Nikamwuliza na nyuso nyingine je. Akamtazama mkewe, sawa. Mtoto, sawa. Nesi aliyekuwa mlangoni, naye sawa. Akasema ni mimi tu.

Dada, mtu mwenye akili angejiuliza jambo. Mimi nilifikiria ripoti yangu. Nilimweleza kitaalamu kwamba ubongo uliojeruhiwa unaweza kung'ang'ania sura moja ukaiacha nyingine, nikalipenda wazo hilo kiasi kwamba niliporudi mezani nililiongezea aya. Kisha nikaagiza lenzi zenye kijani kizito zaidi.

Alirudi na lenzi mpya, nikaivua tena barakoa ili azijaribu kwenye uso wangu. Dunia ilikuwa imemfifia, alisema anaishi kama samaki, na mimi niliendelea kushuka. Mdomo wangu ulizidi, alisema, na sasa jicho limeanza kufuata. Nikaongeza kijani. Hakubisha, maana watu hawabishani na daktari. Lakini alienda nyumbani na hesabu yake kichwani: ugonjwa umeanza kuishinda miwani, umeanza na mimi, utafuata wengine, na mwisho utamfika mtoto. Akafunga duka. Akajifunga kitambaa machoni. Alimwambia mkewe anataka sura ya mwisho ya binti yake aliyonayo kichwani iwe ile nzuri, na hatafumbua tena macho mbele yake mpaka afe. Mtoto akawa analia, na baba anambembeleza akiwa ameugeuza uso wake ukutani, na kitambaa juu.

Hayo alinieleza mkewe, aliyekuja peke yake wiki kadhaa baadaye bila miadi, amevimba macho kwa kulia. Alikuja kuniomba nisikate tamaa. Katika kuniomba akatoa simu anionyeshe ile picha, nione mumewe alivyokuwa na furaha siku ile. Niliishika. Nilimwona kinyozi na miwani yake, nikamwona mtoto, na aliyembeba mtoto alikuwa mwanamke mmoja ambaye nusu ya uso wake ilikuwa imelegea, mdomo umening'inia upande, shavu limelala. Nikamwonea huruma. Nikamwuliza yule mke, huyu mama mgonjwa ni nani.

 Alinitazama tu. Nilidhani hakunisikia, nikarudia swali. Ndipo nikaliona koti jeupe, na kalamu yangu mfukoni, na zile hereni ulizonipa wewe. Hereni ilikuwa moja.

 Nikakumbuka kinyozi alivyoniambia siku ya kwanza, kwamba picha hazimdanganyi. Kama kwenye picha nimeshuka, basi nimeshuka. Nikamwuliza mkewe kwa nini hakuniambia. Akasema, huku ameinamisha kichwa, kwamba aliniona hivyo tangu siku ile ya picha, akadhani ndivyo nilivyoumbwa, na mtu ataanzaje kumwambia daktari kwamba mdomo wake umepinda?

Nyani haoni kundule. Mimi sikuona hata uso wangu. Na si kwamba sina kioo, kioo ninacho na kila asubuhi najitazama. Bingwa ndiye aliyenieleza baadaye, polepole, kama unavyomweleza mtoto. Ubongo wangu umeacha kuhesabu upande wa kushoto. Haunionyeshi giza wala ukungu, unaniambia tu kwamba upande huo haupo na haujawahi kuwapo. Kwenye kioo, shavu langu la kushoto linakaa kushoto, kwa hiyo kila siku nilikuwa najipaka wanja jicho moja na kuridhika kwamba nimependeza. Kwenye picha, kushoto kwangu kunahamia kulia kwa anayetazama, upande ambao bado nauona. Ndiyo maana nilimwona mwanamke yule. Chai ilikuwa inanidondokea nguoni nikailaumu bilauri. Bega langu lilikuwa linagonga milango nikawalaumu mafundi. Nyumbani naishi peke yangu, kazini barakoa, na mtu pekee aliyeniona na kuthubutu kusema, nilimwongezea rangi kwenye miwani.

Sasa keti, kama ulikuwa umesimama. Ni uvimbe, dada. Upo upande wa kulia wa ubongo, bingwa kanionyesha picha yake akiwa ameinamisha mgongo, yule mtu wa fimbo. Anasema unaweza kutolewa na hatutaki kuchelewa. Simu sikukupigia kwa sababu maneno yangu sasa yanateleza kidogo, ungenisikia tu neno la kwanza ukaanza kupiga yowe. Na huo mstari mwekundu niliouchora pembeni mwa kila karatasi si urembo. Ni wa kunikumbusha mahali ukurasa unapoanza. Kabla ya kila mstari nautafuta kwanza, kisha naandika.

Nilipotoka kwa bingwa sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa kinyozi. Nilimkuta amekaa chumbani na kitambaa chake, mtoto amelala mapajani, mkono wake mmoja juu ya kichwa cha mtoto. Nikamwambia miwani yake ya kwanza haikuwa na kasoro hata siku moja. Nikamwambia aliona sawasawa, mimi ndiye mgonjwa, nina uvimbe kichwani na utapasuliwa.

Mkewe alipiga vigelegele. Nakwambia ukweli, dada, alipiga vigelegele nyumba nzima ikaitika, kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili na kuanza kuniomba msamaha huku anacheka na kulia. Kinyozi alifungua kitambaa, akapapasa miwani ile ya zamani, akaivaa, akamwinamia mtoto. Akasema amekuwa na nyusi. Alipomwona mara ya mwisho mtoto hakuwa na nyusi, sasa anazo. Alirudia habari ya hizo nyusi mpaka mtoto akaamka. Hakuna mtu duniani atakayeufurahia ugonjwa wangu kama watu wale, na mimi nilisimama mlangoni nikafurahi nao, halafu nikiwa njiani peke yangu nikakaa chini kando ya barabara.

Ripoti nimeichukua mezani kwa bingwa na ile aya nimeifuta. Atakayeisoma ni yeye. Kichwa changu lazima kinyolewe kabla ya upasuaji, na kinyozi amesema hakuna nesi atakayekigusa, atakuja yeye na vifaa vyake. Nimemwambia aninyoe akiwa mbele yangu, ananitazama.

Naogopa, dada. Huwa sikwambii nikiogopa, leo nakwambia. Bingwa hakunificha kwamba uvimbe umekaa jirani na pale ubongo unapoweka nyuso za watu. Huenda nikaamka salama na kila kitu kikawa sawa. Huenda nikaamka nikawaona watu kama kinyozi anavyowaona bila miwani. Huenda nikaamka ukiwa umekaa kando ya kitanda changu, nikakuuliza kwa heshima wewe ni nani. Ikiwa hivyo usilie mbele yangu. Sema tu neno, lolote, hata la kunigombeza, sauti yako nitaijua.

Yule kinyozi alijifunga kitambaa ili abaki na sura moja nzuri. Mimi siwezi. Nataka zote, ya usingizini, ya hasira, ile unayoifanya ukionja chumvi. Njoo kabla ya upasuaji, usingoje kumaliza kushona nguo za watu. Picha zako ninazo nyingi na sizitaki. Njoo ukae mbele yangu, upande wa kulia, nikutazame mpaka nishibe.

Msalimie shemeji, na mwambie asikuache usafiri peke yako. Watoto usiwaambie bado.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na asiyelisema vya kutosha,

Mjuaji